Mwanamke Aliyempokelea Kapteni Mshahara

Siku ya mshahara Mke wa Kapteni alivaa viatu. Siku nyingine zote alivaa kandambili, kama sisi wengine tuliokaa mjini Kasulu miaka ile, na akienda shambani alivua hata hizo. Lakini siku ile alitoa chini ya kitanda viatu vyeusi vya kamba, akavipangusa kwa mawese ikiwa dawa ya viatu imeadimika, akapita mbele ya baraza nilikokuwa nashona akiwa amenyoosha shingo. Alikuwa anakwenda posta.

Mshahara wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa mumewe, ofisa wa jeshi aliyetumwa nje ya nchi, upande wa kusini, kufundisha wapiganaji wa nchi nyingine. Nchi hiyo siitaji kwa sababu hata sisi hatukuambiwa kwa uhakika. Sehemu ya mshahara ililetwa Kasulu kila mwezi kwa hawala ya posta, na mke ndiye aliyeandikishwa kuipokea. Kabla ya kuondoka Kapteni alimweleza kwamba ofisa hapokei mshahara kama mtu anayenunua karanga. Anafika amevaa kamili, anasimama wima, anapiga saluti, ndipo anapewa. Mke hakuwa na haki ya kupiga saluti, kwa hiyo alifanya yale mawili yaliyobaki.

"Mama Kapteni, keti," karani wa posta alimwambia kila mara. Kando ya dirisha palikuwa na kiti cha mbao kilichowekewa wazee na wagonjwa.

"Mwenye mshahara amesimama," alijibu. "Mimi nikae kwa nini?"

"Amesimama wapi?"

"Huko alikotumwa."

"Haya, nawe simama. Miguu ni yako."

"Miguu ni yangu. Mshahara ni wake. Mimi nampokelea tu."

Neno hilo, nampokelea, alilitumia hata nyumbani. Hakusema nimelipwa wala nimepata hela. Alisema nimempokelea. Tulikuwa tumepanga vyumba katika nyumba moja, mlango wake ukitazamana na wangu, na katika miaka yote ya ujirani wetu sikumsikia akikosea hapo.

Alikuwa pia mwalimu wangu, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine. Niliacha shule darasa la nne nikakaa kwenye cherehani. Kusoma kwa maana ya kusoma nilijifunza kwake, katika kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo madawati yake yalitubana magoti. Tulikuwa fundi cherehani, mchinjaji, wapagazi wa stendi, na wanawake waliokuja na vikapu vyao vya sokoni. Wengi wetu lugha ya nyumbani ilikuwa Kiha, na Kiswahili tulikivaa kama koti la kuazima. Yeye mwenyewe alikuwa Muha wa Kitahana, kule Kibondo, lakini alikuwa mkali wa maneno kuliko watu wa pwani. Ukisema "kile kitu," alikuuliza kitu gani. Ukisema "watu wanasema," aliuliza watu gani, na wamesemea wapi.

"Neno lina mwenyewe," alituambia. "Usimpe mtu mwingine."

Mumewe alikuwa hajamaliza mwaka huko kusini alipokamatwa na adui. Habari zilipoenea mjini, watu walisema Kapteni amefungwa. Walisema kwa huruma, lakini masikioni mwa Kasulu mtu aliyefungwa ni mtu aliyefanya jambo. Baada ya wiki mbili tayari palikuwa na waliojua ni jambo gani. Wapo waliosema fedha za kikosi, na wapo waliosema mwanamke.

Jioni moja aliingia darasani, hakutusalimu kwanza kama kawaida yake, akaandika ubaoni maneno mawili: MFUNGWA, na chini yake MATEKA. Akatugeukia.

"Nani ataniambia tofauti?"

Mchinjaji akanyoosha mkono. "Mwalimu, wote wawili wamefungiwa mlango. Tofauti iko wapi?"

"Ukimfunga ng'ombe wako zizini, na mwizi akamwiba ng'ombe wako akamfunga kwake, ni sawa?"

"Si sawa! Huyo wa pili bado ni wangu."

"Basi umejibu. Mfungwa amefungiwa mlango kwa kosa lake. Mateka amefungiwa kwa kazi yake, na bado ni wa kwao." Alifuta neno la kwanza, akaacha la pili. "Andikeni mara kumi."

Tukaandika. Mchinjaji aliandika huku akinong'ona kwamba hajawahi kusikia Kapteni akiitwa ng'ombe. Mwalimu alimsikia, akacheka kabla yetu. Ukali wake ulikuwa wa namna hiyo: ulikuwa na mlango wa nyuma.

Neno hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko tulivyojua. Muda si mrefu mshahara ulikatika. Alivaa viatu akaenda posta, karani akatikisa kichwa. Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Hakuuliza watu wa mjini. Alipanda lori la mkaa hadi Kigoma, akapanda treni hadi kwenye ofisi iliyoshughulikia mishahara ya maofisa walio nje, na aliporudi alitusimulia darasani kama somo la imla, bila kupandisha sauti.

Huko alipokelewa na sajini mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sajini alimwambia pole, kisha akamweleza kwamba ofisa aliyefungwa mshahara wake husimama.

"Hakufungwa," alisema Mke wa Kapteni. "Alitekwa."

Sajini alivua miwani. Ilionekana kwamba habari ilipita midomo mingi mpaka kufika pale, na katika mdomo mmojawapo neno lilibadilika, kama lilivyobadilika sokoni kwetu. Aliingia chumba cha ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na ofisa mwingine, wakaongea kwa sauti ya chini. Aliporudi alisimama mbele yake wima, mzee yule.

"Mama, tumekukosea. Mateka hajaacha kazi. Yuko zamu, ila zamu yake ni ndefu. Mshahara wake utakuja wote, na ule wa nyuma."

"Na posho ya nje?"

"Hiyo imesimama."

"Kwani amerudi nyumbani?"

Sajini alitabasamu. "Posho ya nje ni ya chakula na malazi, mama. Huko aliko, sheria za vita zinasema waliomteka ndio wampe chakula na malazi."

"Wanampa?"

Hapo, alituambia, sajini alivaa tena miwani yake. Alitazama mezani. Naye hakumsukuma, kwa sababu aliona kwamba mtu yule alitaka kujibu na hakuwa na kitu. Alishukuru akaondoka. Posho hakuiuliza tena, lakini lile swali alirudi nalo, na nadhani alilala nalo miaka yote iliyobaki.

Tangu safari hiyo, mtu akimwuliza, "Kapteni hajambo?" alijibu, "Yuko zamu." Hakuongeza kitu.

Sasa nieleze jambo ambalo halipatani na hayo yote. Mwanamke huyu, aliyesafiri siku kadhaa ili neno moja lirudi kwa mwenyewe, aliacha neno hilohilo lipotoshwe nyumbani kwa mama mkwe wake, na akalinda kosa lile kama mtu anavyolinda moto usizimike.

Mimi ni mzaliwa wa Makere, kama Kapteni, na nyumba ya mama yangu haiko mbali na ya mama yake. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumwona mama. Mke wa Kapteni naye alikuwa huko, akimsaidia mama mkwe wake kupura maharage. Ikaja Landrova ya jeshi. Wakashuka askari wawili, vijana, wa pwani kwa matamshi yao, kofia mkononi. Mama wa Kapteni alikuwa mzee wa Kiha hasa, Kiswahili alikielewa kwa kukisia. Alipoona kofia mkononi alikaa chini.

"Mama," alisema askari mmoja, "mwanao yu hai. Ila ni mateka."

Katika Kiha chetu kuteka ni kupika. Mama aliinua uso. "Anateka?"

"Ni mateka, mama. Mateka."

"Anamtekea nani?"

Askari alimtazama mwenzake. "Yuko kwa adui, mama. Adui wamemchukua."

"Anawatekea adui!" Mama alipiga makofi mara moja, akashika mdomo, akawageukia majirani waliokuwa wamejaa uani. Aliwaambia kwa Kiha kwamba mwanawe, kapteni mzima, amechukuliwa na adui wampikishe. Kisha uso wake ukalegea taratibu, kama kamba iliyofunguliwa. "Basi," alisema, "mpishi hafi njaa."

Wote tukamtazama mkwewe. Yeye peke yake pale alijua lugha zote mbili sawasawa, na alijua kilichosemwa na kilichosikiwa. Alikuwa ameshika ungo. Niliona midomo yake ikifunguka. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kama mke afanyavyo kwetu anapotoa habari nzito, akamwita mama kwa Kiha: "Ndiyo, mawe. Anapika."

Usiku wa siku hiyo mama wa Kapteni alilala, na akaendelea kulala usiku baada ya usiku, mwanamke ambaye mwanawe alikuwa mikononi mwa adui. Wakati wa kula alimega tonge la kwanza akasema, "Na yeye sasa anaonja chumvi." Ila kosa hilo lilikuwa na gharama yake. Kwetu mwanamume hakai penye mafiga. Watoto wa Makere walianza kumwita Kapteni Sufuria, na baadhi ya watu wazima pia. Mke wake alisikia, akapita.

Kila ilipokaribia Krismasi alinunua kitambaa cha kaki dukani, akanipa nimshonee mumewe suruali.

"Mshahara ni wake," alisema. "Lazima naye auonje."

Mwenye duka lile, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani, alinipangisha baraza na hakuacha kumtania. "Mama Kapteni, kitambaa kizuri hiki unamvalisha upepo?"

"Upepo haulipwi mshahara, mzee."

"Na fundi akate mtindo gani? Bugaluu, mipana chini?"

"Bugaluu avae mpiga gitaa. Fundi, mguu ulionyooka."

Mara ya kwanza nilitumia kipimo cha zamani nilichokuwa nacho. Mara ya pili aliniambia nipunguze kiunoni. Niliuliza kiasi gani. Alisimama mbele ya cherehani, akaikunja mikono yake mbele kama mtu anayekumbatia, akaangalia pengo lililobaki katikati, akalibana kidogo, akaangalia tena. "Hapo," alisema. "Pima hapo." Nikapitisha utepe ndani ya mikono yake nikapima hewa. Mwaka uliofuata akafanya vilevile, na pengo likawa dogo zaidi. Mzee mwenye duka, aliyezoea kuwa na neno kwa kila kitu, alikwenda kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

Alikuwa bahili. Majani ya chai aliyachemsha mpaka maji yakatoka meupe. Aligombana na muuza sabuni kwa kipande kilichokatwa upande. Lakini palipokosekana chaki za kisomo, chaki zilipatikana. Sindano ya cherehani yangu ilipovunjika, na wakati huo sindano hazikuonekana hata Kigoma, aliniletea moja ndani ya karatasi.

"Kapteni amekuletea."

"Kapteni?"

"Umesikia."

Kila alichotoa, Kapteni ndiye aliyekitoa. Wagonjwa walitumiwa sukari na Kapteni, na watoto wa jirani walinunuliwa madaftari na Kapteni. Kwa njia hiyo mtu ambaye hakuna aliyejua kama anapumua alikuwa miongoni mwa watu wakarimu zaidi mjini.

Hawakujaliwa mtoto. Nalitaja hilo kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa hatari aliyokuwa nayo. Mke asiye na mtoto, mumewe akihesabiwa amekufa, anarithiwa na ndugu wa mume au anarudishwa kwao. Maisha yake yote pale Kasulu, chumba, darasa, hata jina tulilomwita, yalisimama juu ya mtu mmoja kuendelea kuwa hai machoni pa watu.

Shemeji yake alikuja asubuhi moja kutoka Makere na jogoo chini ya kwapa. Alikuwa mdogo wake Kapteni, mkulima, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, na mimi nilikuwa nikipiga pasi karibu yake. Hawakunificha kitu.

"Shemeji, wazee wamekaa," alianza. "Wanasema tuweke matanga."

"Matanga ya nani?"

"Usinifanye nitaje."

"Taja. Neno lina mwenyewe."

Alimshika jogoo vizuri. "Ya kaka."

"Kaka yako yuko zamu."

"Zamu gani hii isiyo na likizo?"

Alicheka kweli, Mke wa Kapteni, akamwekea kikombe cha chai. "Hilo kaulize jeshini."

"Nasema kwa wema. Serikali ikikubali kwamba amekufa, italipa mafao yake yote mara moja. Nyumba ya mama inavuja. Na wewe hutabaki hivi, mila ina mahali pa kukuweka. Mimi sina ubaya, shemeji."

"Najua huna ubaya. Ndiyo maana nimekutilia sukari."

Shemeji alikunywa. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa Makere. "Wanamwita Sufuria. Kaka yangu! Juzi nimempiga mtoto wa watu. Ungemwambia mama ukweli tu, tukajua moja."

"Mama analala?"

"Analala."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Basi aitwe Sufuria."

Alisimama akaingia ndani, akatoka na fedha zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Alimwekea shemeji mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Kaka yako amekupa. Anza na bati chache, upande anaolala mama. Umeona maiti akinunua bati?"

Shemeji alitazama ngumi yake iliyofungwa. "Sijaona," alisema. Alimwacha jogoo akaenda. Suala la matanga halikurudi mwaka ule, ila sote tulijua kwamba lingerudi.

Alipoondoka, yule mwanamke alikaa pale pale juu ya kinu. Nilidhani anapumzika. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Fundi, maneno yake nayakumbuka yote. Sauti yake imenitoka."

"Imekutoka vipi?"

"Namsikia anasema, lakini anasema kwa sauti yangu." Akainuka. "Hilo usiliseme sokoni."

Sikulisema. Nalisema sasa kwa sababu haliwezi kumdhuru mtu tena.

Kapteni alirudi miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mateka wa pande mbili walipobadilishanwa. Karani wa posta ndiye aliyepokea simu. Alikuja mbio akaacha dirisha wazi na watu wamepanga foleni. Siku chache baadaye lori la jeshi lilimshusha mbele ya baraza langu mtu mrefu mwenye mvi, ambaye nguo zake zilimning'inia kama zimeanikwa. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa tu. Mke wake alitoka ndani, miguu mitupu, wakashikana mikono mbele yetu kama wageni wawili.

Zile suruali tatu zililetwa. Hata ile ndogo kuliko zote ilimpwaya. Nilichukua utepe nimpime, lakini Mke wa Kapteni alinitangulia. Kwetu mke hamkumbatii mumewe barazani. Yeye alimzungushia mikono kiunoni mchana kweupe, akaikaza, akageuza kichwa akanitazama juu ya bega.

"Kipimo ndicho hiki, fundi. Mimi nilikosea."

Nikapitisha utepe juu ya mikono yake.

Makere tulikwenda siku ya pili, sisi watatu, kwa lori. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa bado nakaza vifungo, na pia kwa sababu ni kwetu. Njiani mkewe alimwambia. Alisema kwa ufupi, kwa namna aliyotoa somo: walisema mateka, mama akasikia kupika, mimi sikumsahihisha, kijiji kinakuita Sufuria. Kapteni alikuwa mtu wa heshima zake. Nilimtazama usoni sikuona kitu. Alitazama barabara muda mrefu sana, vumbi jekundu likitufunika wote, nami nikaanza kujuta kupanda lori lile.

Mwishowe akasema, "Alikuwa analala?"

"Kila usiku."

Lori lilipanda kilima, likashuka. "Siku hizi anapenda kula nini?"

"Maharage ya mawese. Meno yamekwisha."

Uani kwa mama kijiji kizima kilikuwapo. Mama alimpapasa uso, mabega, mbavu. Alipofika kwenye mbavu akasimama. "Mpishi gani aliyekonda hivi?"

Niliona mkono wa Mke wa Kapteni ukikamata pindo la kitenge chake.

"Mpishi hali, mawe," alisema Kapteni. "Anaonja tu." Alivua koti, akampa mdogo wake alishike, akakunja mikono ya shati. "Chungu kiko wapi?"

Wanaume walianza kuguna. Mmoja alisema kwa sauti, "Sufuria mwenyewe!" Kapteni hakugeuka. Alichuchumaa penye mafiga, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, akaweka maharage yaliyokwisha kuchemshwa, akatia mawese, kitunguu, chumvi. Alikoroga kwa mikono miwili, mawese yakaruka motoni. Ilikuwa wazi kwa kila mwanamke pale kwamba mtu huyu hajawahi kushika mwiko. Walitazamana, kisha wote, kama waliokubaliana, wakatazama pembeni. Hata yule aliyepaza sauti aliinamisha kichwa. Mdogo wake alisimama nyuma yake na lile koti, amelishika kwa mikono miwili kama anavyoshika mtu kitu cha kanisani.

Alipakua, akampelekea mama kwa magoti. Mama akaonja. Alikaa na lile tonge mdomoni kwa muda, akameza.

"Hiki ndicho walichokula hao adui?"

"Ndiyo, mawe."

"Ndiyo maana wamekuachia."

Ua mzima ulilipuka. Na Kapteni, ambaye tangu ashuke lori hakuwa ametabasamu, alicheka. Alicheka kwa sauti ya juu, nyembamba, isiyofanana na umbo lake, akashika goti, akashindwa kuacha. Nilimtafuta mkewe. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, macho amefumba, ameinamisha sikio upande ule, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mama alikula sahani nzima, na chumvi yake.

Baadaye Kapteni alistaafu, wakakaa Makere mpaka mama alipofariki, kisha wakahamia Kitahana kwa kina mke, wakalima. Mimi nilipata kazi ya kushona sare za shule huko Kibondo, ndiyo maana nikamwona tena Mke wa Kapteni. Kapteni alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla, kwa ugonjwa, kitandani mwake, na nilikuwa sijapata nafasi ya kwenda kuhani.

Nilimkuta posta. Nilivitambua viatu kabla ya kumtambua mwenyewe: vyeusi, vya kamba, vimebadilishwa soli. Alikuwa amezeeka, shingo imenyooka vilevile. Nilimpa pole, akaipokea.

"Umekuja kumpokelea?" nilimwuliza. Lilinitoka kwa mazoea.

"Kupokea," alisema. "Pensheni ya mjane. Ya mjane ni yangu mwenyewe."

Hata katika msiba alikuwa bado ananisahihisha. Nilitaka kumwuliza jambo na sikujua nianzie wapi, lakini alikuwa amenifundisha, alijua ninavyofikiri.

"Sauti ninayo," alisema. "Ya kucheka. Ya kusema imeanza kunitoka tena, lakini ya kucheka ninayo."

Dirishani alikuwa binti mdogo, mgeni kwetu wote wawili. Aliinua macho akamwona. "Bibi, shikamoo. Kuna kiti hapo, karibu uketi."

Mke wa Kapteni alikitazama kile kiti. Kilikuwa cha mbao, kama kile cha Kasulu. Alikitazama mpaka binti akadhani hakusikia, akarudia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia," alisema. "Zamu imekwisha."

Akaketi. Aliinama akalegeza kamba za viatu, kimoja kisha kingine, akavivua, akaviweka pamoja kando ya kiti, visigino vimegusana. Jina lake lilipoitwa hakusimama. Binti alingoja kidogo, kisha akafungua mlango wa pembeni, akazunguka, akamletea fedha pale alipoketi.